Gereza si la wafungwa peke yao: historia ya kufunga watu katika Kivu yetu

Ndugu msomaji, katika vijitabu vya namna hii tumezoea kusoma juu ya mahari, matanga, kutawazwa kwa Mwami, ngoma na majina ya watoto. Pengine utashangaa kuona kwamba safari hii tumechagua gereza. Je, gereza nalo ni desturi? Sisi tunajibu: ndiyo. Kitu ambacho babu zetu walikiogopa, baba zetu wakakizoea, na watoto wetu leo wanakiigiza katika michezo yao, kimekwisha kuwa desturi, hata kama si desturi ya kujivunia. Tena kina historia, na historia hiyo haifundishwi darasani. Sisi walimu wa historia tunajua namna programu inavyopita upesi juu ya mambo kama haya.

Neno letu katika kurasa hizi ni moja. Tangu wageni walipotuletea gereza, wakubwa waliofuatana katika nchi hii wamejua sana kufunga watu, lakini kukata kesi na kurudisha watu kati ya wenzao wamekujua kidogo tu. Na hasara ya jambo hilo haibaki ndani ya ukuta. Inarudi nyumbani, sokoni, shuleni na barabarani.

1. Majina ya nyumba hii

Tuanze na majina, juu majina yanasema mengi. Katika Kiswahili cha vitabu tunasema gereza. Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba neno hilo lilitoka katika Kireno, igreja, maana yake kanisa. Wareno walipojenga ngome ya Mombasa mwishoni mwa karne ya 16, ile tunayoiita Fort Jesus, ndani yake kulikuwa kanisa. Watu wa pwani wakaita ngome nzima kwa jina la kanisa. Kisha, tangu 1895 mpaka 1958, Waingereza wakaifanya ngome hiyo kuwa jela, na neno likashika maana tunayoijua.

Hapa Bukavu tuna majina mengine. Tunasema kasho, kutoka Kifaransa. Tunasema buloko, neno linalosikika pia katika Lingala. Kile chumba cha polisi ambamo mtu anawekwa kwanza tunakiita amigo. Neno hilo Wabelgiji walilitoa kwao Bruxelles, na kwa Kispania maana yake ni rafiki! Mtu aliyelala usiku mmoja katika amigo ya Kadutu ao ya Ibanda anajua ni rafiki wa namna gani.

Angalia jambo hili: kufunga ni neno letu la zamani. Tulifunga mbuzi, tulifunga mzigo, hata mateka wa vita tulimfunga kamba. Lakini majina ya nyumba yenyewe yalikuja na wageni. Kamba tulikuwa nayo. Nyumba ya kumweka mtu miaka mitano, akae tu, asilime, asilipe, asione watoto wake, hiyo hatukuwa nayo.

2. Mbele ya gereza: haki ya wazee

Katika Bushi, mtu aliyeiba ng'ombe ao aliyemwaga damu alipelekwa mbele ya wazee, bashamuka, na kama neno lilikuwa zito lilipanda mpaka kwa Mwami. Wazee walisikiliza pande mbili, mara nyingi kwa siku nyingi. Mwisho wake ulikuwa malipo: ng'ombe, mbuzi, majembe. Kisha pombe ya ndizi, kasiksi, ikanywewa na pande mbili ili watu waone kwamba neno limekwisha. Aliyekataa kulipa, ao aliyerudia kosa mara nyingi, alinyang'anywa mali ao kufukuzwa katika nchi. Kufukuzwa kulikuwa adhabu kubwa sana, juu mtu asiye na mlima wake na ukoo wake alikuwa kama mtu asiyeishi.

Kwa Warega, kazi ya kushika maadili na kupatanisha ilikuwa mikononi mwa Bwami, ule ushirika wa ngazi ambao mtu alipanda polepole kwa mwenendo mwema na kwa msaada wa jamaa yake. Wakubwa wa Bwami hawakuwa na askari wala kufuli. Walikuwa na neno lao, na methali zao. Utawala wa kikoloni haukuupenda ushirika huo, na mwaka 1948 ukaupiga marufuku.

Tusidanganyane: zamani hazikuwa paradiso. Mwami aliweza kumaliza mifugo ya mtu kwa hasira yake, na kuuawa kulikuwako. Mwanamke na mtu asiye na ukoo walikuwa na sauti ndogo mbele ya wazee. Hatuandiki haya ili turudi kule. Tunayaandika juu haki ile iliuliza maswali matatu ambayo gereza haliulizi: Nani ameumizwa? Arudishiwe nini? Na kesho watu hawa wataishi namna gani kwenye mlima mmoja? Gereza linauliza swali moja tu: miaka mingapi?

3. Mnyororo, kiboko na kodi

Dola Huru ya Kongo ya Leopold II (1885-1908) haikuanza na magereza ya matofali. Ilianza na mnyororo. Watu walifungwa shingoni, mmoja nyuma ya mwingine, wakabebeshwa mizigo. Katika majimbo ya mpira kulikuwako nyumba za mateka: wanawake walifungiwa humo mpaka waume zao walete kilo za mpira zilizotakiwa. Wengi walikufa kwa njaa ndani. Kwa Wakongo wengi hiyo ndiyo ilikuwa picha ya kwanza ya nyumba ya kufungia watu: mtu asiye na kosa amefungwa, na jamaa yake nje inahangaika ili atoke. Msomaji aishike picha hiyo, tutairudia.

Ubelgiji ulipochukua koloni mwaka 1908, mambo yakaandikwa katika sheria, lakini gereza likawa karibu zaidi na kila mwanaume. Kulikuwa kodi ya kichwa, na asiyelipa alifungwa. Tangu 1917 kulikuwa kilimo cha lazima, siku 60 kwa mwaka, na asiyelima alifungwa. Kwa dekreti ya 1922 juu ya mapatano ya kazi, mfanyakazi aliyekimbia kazi kwa mzungu alihesabiwa kuwa mkosaji wa jinai. Hapa Kivu jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Comité National du Kivu, iliyoanzishwa mwaka 1928, iligawia walowezi mashamba katika milima yetu, na mashamba ya kahawa, kinini na pareto yalitaka mikono. Mtu aliyerudi kwake kulima maharagwe ya watoto wake aliweza kujikuta kasho.

Na mule ndani kulikuwa kiboko, ile fimbo ya ngozi ya mnyama mwenye jina hilo. Hesabu ya mapigo ilipunguzwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata, lakini fimbo yenyewe haikuondolewa mpaka uhuru ulipokaribia. Wafungwa walitumwa pia barabarani, kwenye mifereji, katika kazi za serikali. Bukavu ilipoitwa Costermansville, mfungwa mwenye jembe begani alikuwa sehemu ya sura ya mji wa kikoloni.

Matokeo yake yalikuwa nini? Ni kwamba kifungo na kosa viliachana katika akili za watu. Kama mtu amefungwa juu ya kodi, ama juu ya shamba la pamba ao la muhogo, kijijini hahesabiwi mwizi. Amepatwa, kama mtu aliyepatwa na mvua ya mawe. Mpaka leo watu wetu wanasema "bamemufunga" kwa sauti ileile wanayosema "amegonjwa". Mara nyingi hawaulizi amefanya nini. Wanauliza: "Bataomba ngapi?"

4. Kufungwa bila ukuta

Kulikuwa kifungo kingine ambacho hakikuhitaji ukuta. Wafaransa wanakiita relégation, sisi tunaweza kusema uhamisho. Kwa sheria ya 1910, utawala uliweza kumtoa mtu kwao na kumpeleka mbali, bila kupita mbele ya zuzi, kwa sababu tu uwepo wake unasumbua.

Wengine walipewa hukumu, lakini ilikuwa hukumu ya jina tu. Simon Kimbangu alihukumiwa na mahakama ya kijeshi mwaka 1921. Hukumu ya kifo ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akapelekwa mbali na Bas-Congo yake, mpaka Elisabethville. Alikaa huko miaka 30, akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951. Baada ya maasi ya Wakumu ya mwaka 1944, upande wa Lubutu na Masisi, wafuasi wa Kitawala nao walitawanywa katika kambi za mbali.

Hapa kwetu, katika miaka ya 1930, Mwami Alexandre Rugemaninzi wa Kabare aliondolewa katika utawala na kupelekwa Léopoldville. Alirudi Bushi wakati uhuru ulipokaribia. Zaidi ya miaka 20 Mwami hakulala kwenye mlima wake. Wazee wetu walijua tangu zamani kumfukuza mtu katika nchi. Sasa mgeni aliikamata adhabu ileile na kumpiga nayo mwenye nchi.

Watu wanajiuliza juu ya nini Mkongo haogopi sana kumheshimu mtu aliyetoka gerezani, hata kumchagua kuwa mkubwa. Jibu moja liko hapa. Manabii, wafalme na wanasiasa wa uhuru walipita mule. Joseph Kasavubu alifungwa baada ya fujo za Januari 1959. Patrice Lumumba alitolewa gerezani Januari 1960 ili aende mezani Bruxelles. Gereza lilipofunga watu wa namna hiyo pamoja na wezi, lilipoteza lenyewe haki ya kutuambia nani ni mbaya.

5. Kisha uhuru: sheria nzuri, nyumba ileile

Tarehe 17 Septemba 1965 ikatoka amri namba 344 juu ya mpango wa magereza. Ni maandishi mazuri kwa wakati wake: yanapanga aina za magereza, yanataka wanawake watengwe na wanaume, yanasema juu ya afya, kazi na usafi. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba, Mobutu akakamata madaraka. Amri ikabaki kwenye karatasi. Katika miaka ya 1980 na 1990, pesa ya nchi ilipooza, mshahara wa mlinzi ukawa jina tu. Mlinzi asiyelipwa atakula wapi? Atakula mlangoni.

Kisha vita. Bukavu ilianguka mwaka 1996, ikaona vita tena 1998, ikatekwa tena Juni 2004. Kila mara dosiye zinapotea, mazuzi wanakimbia, na mfungwa ambaye dosiye yake imeungua hana tena tarehe ya kutoka.

Sheria zenyewe hazikukosekana. Katiba ya 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 17 kwamba uhuru ndio kanuni na kufungwa ndiyo tofauti. Kifungu cha 18 kinakataza polisi kumshika mtu zaidi ya saa 48, na kinataka mfungwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake na heshima yake. Kanuni ya mwenendo wa kesi za jinai, ambayo ni ya tangu 6 Agosti 1959, inampa mtu wa parke siku 5 tu, kisha zuzi anaweza kutoa siku 15, kisha mwezi kwa mwezi. Mwaka 2023 ikatoka sheria mpya ya magereza kuchukua nafasi ya ile amri ya 1965.

Sasa msomaji alinganishe na anayoyajua. Siku 15 zinakuwa miezi 15. "Mwezi kwa mwezi" inakuwa mwaka kwa mwaka, juu hakuna anayepeleka karatasi mbele ya zuzi. Katika magereza yetu makubwa, wengi wa waliomo hawajahukumiwa. Kwa lugha ya sheria hao bado ni watu wasio na kosa.

6. Maisha ya ndani

Gereza kuu la Bukavu lilijengwa wakati wa Wabelgiji, kwa watu 500. Katika miaka ya mbele ya 2025 lilikuwa likibeba mara tatu ya hesabu hiyo na zaidi. Makala ya Kinshasa, iliyopangwa kwa watu 1.500, ilipita 12.000. Watu wanalala kwa zamu. Wengine wanalala wameketi. Mtu mmoja akikohoa kifua kikuu, chumba kizima kinakohoa baada ya miezi michache. Upele, kuhara na ukosefu wa damu havitoki.

Chakula cha serikali, kikifika, ni mara moja kwa siku: mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ile wafungwa wa Kongo wanaiita vungule. Mara nyingi kimecheleweshwa na Kinshasa, na makanisa, vyama na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ndio walioziba pengo. Lakini anayeshika uhai wa mfungwa siku kwa siku ni jamaa yake. Kila asubuhi mama anapita na kapu: bugali, sombe, na kama siku imekuwa nzuri, sambaza kidogo. Mlangoni anatoa kitu. Ndani, mtoto wake anatoa tena kitu kwa wenzake wenye nguvu. Kinachofika mdomoni ni nusu.

Je, hatujaiona picha hii tayari? Ni ile nyumba ya mateka: mtu ndani, jamaa yake nje inahangaika. Tofauti ni kwamba siku hizi haletwi mpira, inaletwa pesa.

Ndani kuna serikali nyingine. Mfungwa mmoja anaitwa kapita, na chini yake kuna wengine wenye vyeo. Kapita ni neno la tangu mpira: ndiye aliyesimamia wenzake kwa ajili ya mzungu. Leo kapita wa gereza anagawa mahali pa kulala, anakusanya pesa ya kuingilia, anatoa adhabu. Mlinzi anabaki mlangoni, kapita anatawala ndani. Asiye na pesa ya kuingilia anafagia choo na kulala karibu nacho. Kwa hiyo, hata mule ambamo watu wote wamevuliwa mali, tajiri na maskini wanapatikana tena.

Wanawake ni wachache kwa hesabu, ndiyo sababu wanasahauliwa. Wengine wako na watoto wa kunyonya ambao hawakumkosea mtu yeyote. Na vijana: sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto iliweka mahakama yao, na inataka watengwe na wakubwa. Penye msongamano, neno hilo linatimizwa kwa shida. Kijana aliyeiba simu analala karibu na mtu aliyeua kwa bunduki, na anajifunza. Sisi walimu tunajua vizuri: mtoto anajifunza kwa yule anayekaa naye.

7. Hasara inayorudi mjini

Tuhesabu sasa hasara ambayo haionekani katika daftari la gereza.

Kwanza ni nyumba. Mwanaume akifungwa, mke anabaki na kazi mbili: kulisha watoto na kulisha mfungwa. Mtaji wa sokoni unaisha kwenye kapu. Trimesta inayofuata, mtoto mmoja haonekani tena darasani. Tukiuliza, wenzake wanajibu polepole kwamba baba yake "alisafiri". Binti mkubwa ndiye wa kwanza kuacha shule, juu ndiye anayebeba kapu.

Pili ni wivu na kisasi. Gereza limekuwa fimbo ambayo jirani anamkodishia jirani. Deni si kosa la jinai, kila avoka atakuambia. Lakini mara ngapi tumesikia: "Nitakufunga!" juu ya dola 50? Mwenye deni analala amigo, jamaa inachanga, deni linalipwa na wakubwa wanapata sehemu yao. Kodi ya kichwa ilikwisha. Tabia ya kufunga mtu ili alipe haikuisha.

Tatu, na hii ndiyo inatutisha zaidi, ni watu kujichukulia sheria mkononi. Mwizi mwenye silaha anakamatwa usiku, mtaa mzima unashangilia, na baada ya siku tatu anaonekana tena anakunywa mahali palepale. Mwenye kuku aliyeiba bila jamaa yenye pesa, huyo anabaki miaka. Watu wakiona hivyo wanasema: juu ya nini tumpeleke kwa polisi? Ndipo mawe, ndipo pneu na petroli. Vijana wanaotazama moto huo wakiwa na sare ya shule wanajifunza somo ambalo mwalimu hawezi kulifuta kwa sifongo. Hatusemi kwamba gereza bovu ni sababu pekee. Tunasema kwamba mji usioamini tena mahakama yake utatengeneza mahakama ya barabarani, na mule hakuna wa kusikiliza pande mbili.

8. Milango inapofunguka

Gereza likijaa kupita kiasi, mwisho wake linapasuka. Tarehe 17 Mei 2017 Makala ilishambuliwa na maelfu wakatoka. Juni 2017 ilikuwa Kangbayi ya Beni, na tena Oktoba 2020, walipotoka zaidi ya 1.300. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Septemba 2024, Makala tena: serikali ilihesabu wafu 129, wengine kwa risasi, wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa, na wanawake walibakwa humo humo. Tarehe 27 Januari 2025, wakati Goma ilipoanguka, wanaume walivunja Munzenze wakatoka. Umoja wa Mataifa ulisema kwamba wanawake zaidi ya 150 walibakwa, na walio wengi kati yao waliungua ndani pamoja na watoto. Hao walikuwa chini ya ulinzi wa dola. Hakuna neno la Kiswahili linalotosha kwa jambo hilo.

Kisha ikawa zamu yetu. Tarehe 14 Februari 2025, siku uwanja wa ndege wa Kavumu ulipochukuliwa na AFC/M23, siku mbili mbele ya mji wenyewe kuingia mikononi mwao, wafungwa wa gereza kuu la Bukavu walitoka. Walitoka wote kwa mlango mmoja: aliyefungwa juu ya deni, aliyesahauliwa na parke tangu miaka, na aliyehukumiwa kwa damu na ubakaji.

Hapo ndipo penye mzigo mkubwa kwa jimbo letu. Kivu ya Kusini imefanya jambo ambalo mikoa mingi haijalifanya. Februari 2011, mahakama ya kijeshi ilikwenda mpaka Baraka, ikawahukumu maofisa na askari kwa ubakaji wa Fizi mbele ya macho ya watu wa mahali. Tarehe 13 Desemba 2017, juu ya watoto wa kike wa Kavumu, deputé wa jimbo na wenzake kumi walihukumiwa maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kwa hukumu hizo, mama wa kijijini alipanda mbele ya mazuzi akasema yaliyompata, kwa sababu aliambiwa kwamba kuna mlango utakaofungwa nyuma ya mtesi wake. Mlango ukifunguka, aliyetoa ushahidi atalala namna gani? Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba tukisema juu ya wafungwa tunawasahau walioumizwa. Ni neno moja. Gereza lililojaa watu wasiohukumiwa haliwezi kuwashika vizuri waliohukumiwa. Anayemfunga ovyo mwenye deni la dola 50 anamfungulia njia muuaji.

9. Tufanye nini?

Kuna ambao, kwa kukosa mahakama, wanasema turudi kwa wazee katika mambo yote. Sisi tunasema: pole pole. Katika ugomvi wa mpaka wa shamba, deni, matusi, mbuzi aliyekula mazao, kupigana bila majeraha makubwa, ndiyo, baraza la wazee, parokia na viongozi wa mtaa linaweza kuuliza yale maswali matatu na kumaliza neno bila mtu kulala amigo. Hata katika vita mabaraza ya namna hiyo yalisaidia. Lakini wanawake na vijana waketi humo, si kusimama mlangoni. Na ubakaji usipatanishwe kwa mbuzi na kreti ya bia. Sheria za 20 Julai 2006 zilitoka hasa juu ya kukataa mipango ya namna hiyo, ambayo baba anapokea na binti anabaki na kidonda. Hapo desturi inyamaze.

Kuna mambo mengine ambayo hayangojei amani kamili. Jamaa ijue zile saa 48 na zile siku 5, na iulize karatasi kabla ya kutoa pesa. Vyama vyetu vya utamaduni, ambavyo vinachanga kwa matanga na arusi, vichange pia kwa avoka wa mtu asiye na jamaa. Shule impokee mtoto wa mfungwa bila kumwita kwa kosa la baba yake. Na mwenye kutoka asirudishwe mule kwa mdomo wetu. Mtu aliyemaliza adhabu yake, akikosa kazi, akikosa mke, akikosa hata mahali pa kukaa katika kikao cha mtaa, ataenda wapi kama si kwa wale aliowafahamu ndani?

Kuhusu wakubwa, wa jana, wa leo na wa kesho, tunaomba jambo lililo katika sheria zao wenyewe: wahesabu watu walio nao, wawapeleke mbele ya zuzi kwa wakati, wawalishe, na wawatenge wanawake na watoto. Wazee wetu hawakuwa na karatasi wala kufuli, lakini hakuna mzee aliyelala akisahau kwamba kuna mtu anangoja neno lake.

Tunamalizia hapa. Msomaji mwenye kumbukumbu ya wazazi wake juu ya kazi ya lazima, uhamisho ao kasho za chefferie, aiandike na kuileta kwenye ushirika wetu, juu wazee wanaondoka na maneno haya hayajakusanywa. Historia hii ni yetu sote, na bado watoto wetu wanabeba kapu.